Jani la Nje Lilikuwa la Mama

Bangwe, Kigoma
9 Februari 2025

Mdogo wangu Adolf,

Habari za Arusha. Sisi huku tunaendelea. Shemeji yako Noel mgongo unamsumbua, lakini bado anakwenda kuunda boti zake kila asubuhi, na ukimwambia apumzike ananuna. Diana amejifungua mtoto wa pili, wa kike, na wote wawili ni wazima. Mvua ni nyingi. Njia ya kuja kwetu imekatika tena, tunapitia uani kwa jirani, na jirani ameanza kutuangalia vibaya.

Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Kwenye simu unaongea wewe. Mimi nikianza, unasema, "Dada, subiri nimalize," na ukimaliza umeshakata. Karatasi huwezi kuikatiza. Kwa hiyo simu yako sitapokea na ujumbe wako sitausoma. Ukiwa na neno, liandike, umpe kondakta wa basi la Kigoma. Mizigo inafika.

Sasa tuongee. Ile kampuni yenye kambi za watalii imetuletea majibu ya sigaa zetu. Diana ndiye aliyeyafungua, akasoma kwa sauti mbele ya wanawake wote, tukiwa tumekaa mezani na majani mikononi. Alipofika chini akaiweka karatasi mezani. Nikamuuliza, "Ameandika nani?" Akasema, "Mjomba." Nikachukua karatasi, nikaona saini yako, ile yenye mkia uliyoanza kuipiga darasa la sita.

Nakuandikia maneno yako mwenyewe, ili usije ukasema nimeyaongeza. "Muundo: kichwa kimefungwa vizuri, lakini katikati kuna fundo, ukiibonyeza unakuta jiwe. Kuungua: inaungua upande mmoja, nimelazimika kuiwasha upya. Jivu jeusi, linaanguka mapema. Ladha: inachoma ulimi, ina harufu ya amonia. Jani la nje ni zuri kuliko kilichomo. Mtengenezaji ana haraka. Isichukuliwe."

Mtengenezaji ana haraka. Adolf, hayo umemwandikia nani? Mimi niliyekaa miguuni pa Mama nikikunja tumbaku ya wazee wa Ujiji wakati wewe unakimbiza mpira? Hapa mtaani nimeeleza mpaka nimechoka kwamba sigaa siyo sigara, kwamba haina karatasi, ni jani ndani ya jani ndani ya jani, na kila moja lina kazi yake. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa anatucheka. Wewe ndiye uliyetuletea zile kalibu za mbao za kubania sigaa, ukasema kazi ya Mama inaweza kukaa meza moja na sigaa za ng'ambo. Yunisi ameacha meza yake ya dagaa pale soko la Mwanga kwa sababu ya maneno yako hayo. Leo amevaa kanga yake akaondoka bila kuaga.

Kampuni imesema wataonja tena mwezi wa nane kwa atakayetaka. Nataka unijibu kabla ya hapo ulikuwa unafikiri nini.

Ni mimi dada yako,
Marcelina


Arusha
2 Machi 2025

Dada Marcelina,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, kondakta aliileta mpaka dukani ikiwa imekunjwa kama chapati. Hongera kwa Diana. Mpe pole shemeji. Wifi yako Erica anakusalimu. Gasper wetu ameanza darasa la kwanza, na mwalimu analalamika kwamba hanyamazi. Nimemwambia mwalimu ni ya ukoo. Joto la huku limeanza kupungua.

Umeniuliza nilikuwa nafikiri nini. Nitakueleza, na usinikatize.

Sigaa zililetwa mezani bila majina, zimefungwa utepe wa namba tu. Sianzi na moto, unajua. Naanza na macho: mshono umelala vipi, mishipa ya jani imenyooka au imepinda. Kisha vidole, kutoka kichwani hadi mguuni, kutafuta penye utupu na penye fundo. Nanusa. Nakata, navuta hewa kabla ya kuwasha, nione kama inapita. Ndipo nawasha, polepole. Zako sikuziwasha mapema. Nilipoishika ya kwanza niliiweka chini, nikainuka, nikaenda kunywa maji.

Jani la nje lilikuwa la Mama. Rangi ya udongo wa mfinyanzi ukiwa mbichi, mafuta yake kwa mbali, na ukiligusa kwa ncha ya ulimi, chumvi kidogo. Nimepelekwa mpaka visiwa vya Karibi kujifunza kazi hii, nimeonja majani ya nchi ambazo hata kuzitaja siwezi, na chumvi ile sijaikuta popote. Inatoka kwenye shamba letu la Ilagala, pale chini, ziwa lilipo karibu. Kwa hiyo nilijua ni yako. Nilifurahi. Hilo ukubali au ukatae.

Kisha nikaiwasha. Dada, ilikuwa inanipiga kofi kila nilipovuta. Nikaizima, nikaipasua kwa wembe. Ndani mlikuwa na tumbaku ya bani. Ile ya njano, ya Kasulu, inayokaushwa kwa moto kwa ajili ya sigara za pakiti, na hata hiyo haikulundikwa ikakaa mpaka ikatulia. Bado ilikuwa inatoa harufu ya mkojo wa mbuzi. Umechukua nguo ya Mama ukamvalisha mtu asiyemjua. Ningeandika nini? Kwamba ni nzuri? Kesho mtalii angeivuta, angeitupa kwenye majani, na jina letu lingekwisha hapohapo.

Kwa hiyo nilichoandika hakibadiliki. Sasa nami nina swali. Mwaka jana, mwezi wa tatu, uliniambia jani la Ilagala limesimama vizuri kuliko miaka yote. Liko wapi?

Mdogo wako,
Adolf


Bangwe
6 Aprili 2025

Adolf,

Marahaba. Noel ameacha dawa za hospitali, sasa anasingwa mgongo na mama mmoja wa Ujiji, anasema anapata nafuu. Mtoto wa Diana ameitwa Verediana, jina la Mama. Tulimbatiza Jumapili iliyopita. Hukualikwa.

Umesema mengi, nami nitajibu ninayotaka kuyajibu.

Fundo la katikati nalikubali. Ni mkono wa Yunisi, alikuwa bado anajifunza kupanga majani ya ndani, anayasokota badala ya kuyakunja kama feni. Nimemfundisha upya. Amerudi, nilimfuata nyumbani kwake nikamwambia ukweli kwamba aliyeandika yale ni ndugu yangu wa tumbo moja. Akaniuliza, "Sasa dada, kama ndugu yako ndiye anatufunga mlango, nani atatufungulia?"

Kuungua upande pia nakubali. Jani la bani na jani letu hayaungui kwa mwendo mmoja, moja linakimbia, lingine linabaki. Sikuhitaji uniandikie hilo. Nililiona hapa hapa mezani kwangu kabla sijafunga boksi.

Nisilolikubali ni hili. Unasema uliijua ni yangu kabla ya kuiwasha. Basi hapo ndipo ulipotakiwa kuweka kalamu chini. Ungewaambia wakubwa wako, "Hii ni ya dada yangu, mpeni mtu mwingine aionje." Hukusema. Ulikaa, ukavuta, ukapasua kwa wembe, ukaandika. Hukuwa unapima sigaa tena, ulikuwa unanipima mimi. Na ulitaka kila mtu aone kwamba hata dada yako humwonei haya. Umepata sifa? Walikupigia makofi?

Kuhusu shamba, liko palepale Mungu alipoliweka. Usiniulize tena.

Marcelina


Arusha
11 Mei 2025

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Erica ameniambia nisubiri hasira ishuke ndipo niandike. Nimesubiri, haikushuka, kwa hiyo naandika.

Hongera kwa mtoto kupewa jina la Mama. Nimejua kwa karatasi, kama mtu baki.

Kuhusu kalamu, uko sahihi kidogo, na siongezi neno hapo. Ila usilitumie hilo kulifunika lile lingine. Nimempigia simu Bariki, yule tuliyesoma naye, anayenunua mawese Ilagala. Nikamuuliza, "Pale kwetu sasa hivi nani analima?" Akasema, "Muulize dada yako." Nikamwambia, "Nimemuuliza, hataki." Akasema, "Basi na mimi sina mdomo wa kukwambia." Mtu ninayemfahamu tangu utotoni anaogopa kunitajia shamba la mama yangu.

Umeliuza. Sema tu. Umeuza, ukabakiwa na kifurushi cha majani ya zamani ya kufungia nje, ndani ukajaza takataka za Kasulu ili mimi na wengine tusigundue. Uliwauzia kina nani? Wale wanaojenga hoteli? Na Mama je? Mama amelala pale, Marcelina. Baba yuko Kasulu kwa wazee wake, lakini Mama alisema mwenyewe azikwe Ilagala, juu ya mistari ya tumbaku yake, na tukamzika. Umewauzia na kaburi? Watamjengea choo juu yake?

Nitakwenda baraza la ardhi la kata. Sitaki kukuburuta mbele ya watu, lakini nitakuburuta.

Au kuna njia nyingine. Mwezi wa nane mwonjaji ni mimi tena. Niambie ukweli wa shamba, wote, na sigaa yako itapita hata ukiikunja kwa majani ya mgomba. Wanawake wako watapata kazi. Nikiukosa ukweli, boksi lako sitalifungua.

Adolf


Bangwe
8 Juni 2025

Adolf,

Leo salamu sina. Wazima ni wazima, wagonjwa ni wagonjwa.

Kwanza, usinipitishe. Ukithubutu kuipitisha sigaa yangu kwa mpango huo ulioandika, nitakuja Arusha mwenyewe niwaambie wakubwa wako ulichotaka kufanya, na barua nitawaonesha. Mwanzoni ulinikasirisha kwa kuwa mkali. Sasa umenikasirisha kwa kuwa mchafu, na ukali nilikuwa naweza kuuvumilia.

Pili, shamba halijauzwa. Limo ndani ya ziwa.

Miaka ile ya kwanza maji yalipopanda yalichukua mistari ya chini tu na migomba michache, tukasogeza mpaka, tukasema yatarudi. Mwaka jana, mwezi wa nne, hayakurudi. Yalikuja juu kila siku, bila kelele. Hakuna wimbi lililotupiga. Unalala udongo mkavu, unaamka unakuta yamefika mlangoni. Nilitoka Bangwe nikaenda kukaa kule na Noel. Siku moja asubuhi nikakuta msalaba wa Mama umesimama majini. Kaburi lilikuwa limeanza kubomoka upande wa miguuni, udongo unakwenda na maji vipande vipande kama mkate unapolowa kwenye chai.

Nilipanda kwenye kichuguu penye mtandao nikakupigia. Ulipokea. Nilisikia muziki, watu wanacheka. Nikasema, "Adolf, ni Mama." Ukasema, "Dada, niko na wageni, nitakupigia." Ukakata. Labda hukunisikia vizuri. Labda ulijiuliza mama gani, maana Mama alikuwa na miaka saba kaburini. Sijui. Nilikaa juu ya kichuguu nimeshika simu mpaka Noel akanifuata, akaniambia, "Mama Diana, maji hayasubiri."

Mtendaji wa kijiji alituandikia kibali palepale, ameweka karatasi juu ya goti. Bwana afya akaja na glavu. Katekista Pastory akaja, na Bariki, na vijana wake wa mawese. Walichimba wamesimama ndani ya maji. Walipofika kwenye mbao nikawaambia wote watoke. Sikutaka mikono ya vijana wale imguse Mama. Nikashuka mimi. Jeneza lilikuwa limeoza, lakini nywele zake zilikuwa bado zimesukwa, Adolf, zile nywele nilizomsuka mimi jioni ile alipofariki. Nilimkusanya mfupa mmoja mmoja nikamlaza kwenye shuka jeupe. Alikuwa mwepesi. Nilimbeba mwenyewe mpaka juu kwenye kiwanja cha kanisa la kigango, na sikumruhusu mtu kunipokea, hata Noel. Tukamzika upya, Pastory akasali, tukaimba. Nilikuwa natetemeka kwa baridi, nimeloa mpaka kifuani.

Baada ya juma moja ukaniandikia ujumbe: "Dada nasikia ziwa limepanda, mpo salama?" Nikakujibu: "Sisi wazima." Nilifanya makusudi. Nilitaka ukae na uzima wetu huo huko uliko, na muziki wako, mpaka siku utakayouliza kwa mdomo wako Mama yuko wapi. Hukuuliza. Umekuja kuuliza majani.

Bariki nilimkataza mimi asiseme. Usimlaumu.

Sasa nenda baraza la ardhi. Waambie waje walipime shamba kwa mtumbwi.

Marcelina


Mwanga, Kigoma
13 Julai 2025

Dada,

Shikamoo. Niko Mwanga, nyumba ya wageni iliyo nyuma ya mafundi cherehani. Nimekuja kwa treni. Barua hii naituma kwa bodaboda, kwa sababu jana nilifika mpaka kwa huyo jirani yako mnayepita uani kwake, nikasimama, nikageuka. Sijui ningeingia nikaanza na nini, kukupigia magoti au kukufokea. Vyote viwili ninavyo.

Kampuni nimewaambia kwamba mtengenezaji mmoja ni dada yangu. Wamechukua mtu kutoka Nairobi aonje badala yangu. Waliniuliza kwa nini sikusema mapema. Hilo tuliache.

Nilipitiliza Ilagala moja kwa moja. Bariki alinipeleka. Nilisimama pale lilipokuwa shamba, nikaona michikichi imekufa imesimama majini, na watoto wanavulia ndoano kutoka kwenye shina lililoanguka. Nikapanda kigangoni. Kaburi umelitunza. Pastory alikuwa anafagia, tukakaa kwenye benchi, nikamwambia, "Katekista, nieleze siku ile." Akaniuliza, "Dada yako hakukueleza?" Nikasema alinieleza. Akasema, "Na banda alikueleza?"

Nikamuuliza banda gani.

Akasema, "Banda la majani. Mavuno yote ya mwaka ule yalikuwa yananing'inia mle ndani, makavu, mazuri, na maji yalikuwa yameshafika kwenye nguzo. Watu tulikuwa haohao na mtumbwi mmoja. Noel akamuuliza dada yako, 'Tuanze na wapi?' Kila mtu alikuwa anajua ukianza kwa mmoja, mwingine hutamkuta. Akasema, 'Mama.' Hakufikiri hata kidogo. Tuliporudi kutoka kuzika tulikuta paa tu, na majani yameenea juu ya maji mpaka mbali."

Marcelina, kwa nini hukuniandikia hilo? Uliandika nywele, uliandika shuka, banda ukaliruka. Uliniacha niseme mtengenezaji ana haraka. Uliniacha niseme takataka za Kasulu. Neno moja tu lingetosha na ningeufunga mdomo wangu. Umenifanya nimtukane mtu aliyekuwa amembeba mama yangu mgongoni, na umeniacha niendelee, barua baada ya barua, kama unayehesabu ni mangapi nitayasema. Hilo nimelikasirikia na sitakuficha.

Na simu ile. Nimekaa kwenye treni njia nzima nikiitafuta kichwani. Siikumbuki. Ningeikumbuka ningejitetea, au ningejua la kuomba msamaha. Wageni gani, ukumbi gani, nilikuwa nacheka nini, hakuna kitu. Ungenipigia mara ya pili, Dada. Ungepiga mara kumi. Ungenitukana nikasikia. Nilikuwa na haki ya kumbeba na mimi, hata mkono mmoja, na wewe uliamua peke yako kwamba sina.

Nipo hapa mpaka treni inayofuata. Bodaboda nimemwambia asubiri jibu.

Adolf


Bangwe
13 Julai 2025

Adolf,

Mwakeye, nakusalimu kwa Kiha cha nyumbani. Uko Mwanga, mwendo wa kuchemsha chai, na bado unaniandikia barua. Bodaboda wako amekaa barazani anakula viazi, Noel anamuuliza kama ndugu wote wa Arusha wako hivi.

Pastory ana mdomo mrefu na nitamwambia.

Umeuliza kwa nini niliruka banda. Kama ningekuandikia banda, ungeionea sigaa huruma. Ungevuta mwanzo, ungeinuka kunywa maji, ungerudi ukaandika kwamba ni nzuri. Na haikuwa nzuri. Niliijua kabla yako. Nilikuwa nimepoteza mavuno, wanawake wanne wananiangalia usoni, tarehe ya kampuni imekaribia, nikanunua nilichopata Kasulu, nikakifunga kwa majani ya akiba yaliyobaki nyumbani, nikajiambia labda hawatagundua. Ukagundua. Ulichoandika ni kweli tupu, ndiyo maana kiliniuma hivyo. Ungekuwa umekosea ningecheka.

Lakini usidhani hilo limefuta lile la simu. Sikupiga mara ya pili, ni kweli. Niliumia, nikaona fahari kuumia peke yangu, nikakunyima Mama. Nawe ulikata. Yote mawili yapo na sioni kama mwaka huu tutayamaliza. Nikikuangalia bado nitakuwa na hasira, ujue kabla hujaja.

Mwezi wa nane sitapeleka kitu. Nimewaambia wanawake leo baada ya misa. Mbegu za Mama nilikuwa nazo nyumbani, tulipanda mwaka jana kwenye kipande alichotuazima Pastory nyuma ya kigango, na jani limetoka. Ni jembamba kuliko la zamani. Chumvi haina. Ina kitu kingine, kama ganda la karanga iliyokaangwa, na bado sijakipa jina. Likikunjwa sasa litachoma ulimi wa huyo mtu wa Nairobi kama lilivyochoma wako, kwa hiyo litakaa lundoni lichachuke kwa joto lake lenyewe mpaka liwe tayari, mwaka huu au ujao. Yunisi amelia. Anasema dagaa atauza mpaka siku hiyo, na jioni atakuja kukunja. Diana amekasirika, hasemi na mimi. Sasa nyumba hii imejaa watu wasiosema na mimi.

Kesho tunafungua lundo na kuligeuza, la chini lije juu. Ni zito, Noel na mgongo ule hawezi, na kati yetu wewe ndiye uliyefundishwa kujua joto la ndani kwa mkono bila kuunguza jani. Njoo asubuhi. Pita uani kwa jirani, mwamkie vizuri maana amechoka na sisi.

Mlangoni usinipe pole. Pole nimepewa za kutosha na watu ambao sikuwapigia simu. Nawa mikono, ingia, shika upande wa pili wa lundo. Nitakufokea tukiwa tunafanya kazi.

Dada yako,
Marcelina